Mfu wa Kitabuni

Binti yangu akileta kitabu kipya nyumbani, mama yangu huuliza swali moja tu, kabla hata hajauliza kinahusu nini.

"Iko mufu ndani?"

Binti yangu huliona jambo hilo kuwa kichekesho. Wenzake wa darasani wana nyanya wanaouliza kama kitabu kina neno la Mungu, au kama kina mambo ya wavulana. Wa kwake anataka maiti. Wiki iliyopita alirudi na riwaya ya vijana, imechakaa kwa kupitia mikono mingi, jalada lake lina picha ya nyumba yenye dirisha moja tu linalowaka taa.

"Koko, hiki njo cha siri za familia," alimwambia. "Kuna musichana, kuna mama yake, kuna kitu wanamuficha. Kwa mufu sijafika."

"Ukifika, uniite," mama akasema, akarudi kwenye sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa anayatwanga.

Mimi nilikuwa kibarazani nasahihisha kazi za wanafunzi wangu, nikajifanya sijasikia. Sipendi riwaya za siri. Walimu wenzangu hapa Alunguli wananitania kwamba mwalimu wa Kifaransa anayekimbia riwaya ni kama mchinjaji anayeogopa damu. Waache waseme. Mimi najua ni nani aliyemzoesha mama kutafuta maiti kwenye karatasi. Mama alimlilia baba yangu ndani ya kitabu, kwa sababu nje ya kitabu hakuweza kumlilia, na aliyekuwa ameshika kitabu hicho nilikuwa mimi.

Wakati wa vita tulikaa Kindu, ng'ambo ya pili ya mto, upande wa stesheni, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga mwenyewe, likizo baada ya likizo. Alikuwa fundi wa reli. Aliondoka na treni iliyokwenda kusini, na nyuma yake njia ikakatwa. Mji ulikuwa na wenyewe, msitu ulikuwa na wenyewe, na sisi tulikuwa katikati bila chumvi. Karibu kila nyumba ya watu wa reli ilikuwa na mtu aliyekwama upande wa pili. Kwa hiyo hatukujiona wa ajabu. Tulikuwa tunangojea treni, mimi, mdogo wangu na mama, kama mtaa mzima ulivyokuwa unaingojea.

Lakini mama hakuwa akingojea. Siku moja sokoni, mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyojaa mafuta ya mawese alimvuta pembeni akamwambia kwamba baba amekufa kwa homa kwenye stesheni ndogo huko kusini, na wenzake wamemzika kando ya reli. Alikuwa amefanya kazi naye, na alikuwa anapita tu akielekea kwao Pangi. Mama alimwomba afunge kinywa. Kwa kadiri ninavyojua, alikifunga kweli. Mimi haya niliyajua baadaye sana. Nayaweka hapa mapema kwa sababu simpendi msimulizi anayemficha msomaji jambo analolijua. Nimeshafichwa vya kutosha.

Kwetu mwanamume akifa, ndugu zake huja. Huja kulia, na wakimaliza kulia huinua macho wakaangalia mabati. Sheria ya serikali inasema vingine, najua, naifundisha hata darasani, lakini wakati ule serikali yenyewe hatukujua iko wapi. Kaka yake baba, baba mukubwa, aliishi Tunda, upande wa Kibombo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake mwenyewe, na kipimo chake kilisema nyumba ya ndugu yake ni nyumba yake na watoto wa ndugu yake ni watoto wake. Mama aliona mbele: paa linauzwa, mimi natumwa kwa shangazi huyu, mdogo wangu kwa shangazi yule, na barabara zote zina bunduki. Basi akaamua kwamba baba hajafa. Atakufa amani ikirudi, hakimu atakapokuwepo wa kumsikiliza mjane.

Kuamua hivyo maana yake ilikuwa kutokulia. Katika mtaa wetu mwanamke akipiga yowe moja, kabla hajavuta pumzi ya pili ua umejaa watu. Hakuweza kuketi chini, hakuweza kufungua kitambaa kichwani kama wajane wanavyofanya. Aliendelea kusema, "Baba yenu akikuja ataona hii paa inavuja, atatucheka," na akapanda mwenyewe kuliziba. Chakula kikiwepo, kipande cha baba kiliwekwa kando mpaka jioni, ndipo tukaruhusiwa kukila. Mdogo wangu alikuwa anaomba Mungu baba achelewe, angalau siku za samaki.

Kitabu nilikuwa nimekiazima kwenye maktaba ya shule, na shule ikafungwa kabla ya siku ya kukirudisha. Kilikuwa riwaya ya Kifaransa, ya wasichana wa umri wangu, umri wa kujiona mjuzi wa kila kitu. Msichana anaishi na shangazi yake katika nyumba kubwa kando ya bahari. Chumba kimoja hakifunguliwi. Baba yake, anaambiwa, yuko safarini. Nilianza kumsomea jirani yetu, mke wa fundi mwenzake baba, mwanamke wa Kasai mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, kwa sababu alikuwa amechoka kuongea habari za risasi. Siku ya pili alikuja na mwenzake. Baada ya muda mfupi wanawake wa reli walikuwa wakikusanyika kwetu kila alasiri, wakishatoka kwenye bustani za karibu, sombe ikiwa jikoni. Sombe haina haraka, na wao hawakuwa na pa kwenda.

Nilisoma sentensi kwa Kifaransa, kisha nikaisema kwa Kiswahili. Wao hawakusikiliza kama watu wa maktaba. Walisikiliza kama watu wanaochungulia kwa jirani. Walimshauri msichana, wakamtukana shangazi.

"Muambie asiingie mule!" jirani yetu alipiga kelele siku msichana alipofika mlangoni pa kile chumba.

"Siwezi, mama. Imekwisha kuandikwa."

"Basi ruka hapo."

Mama alikuwa anakaa nyuma, karibu na jiko, akijifanya anatazama moto. Machozi yake ya kwanza yalikuja mapema, tena kwa jambo dogo: mbwa wa yule msichana alikufa. Mama alilia mpaka nikaacha kusoma.

"We mama!" jirani akasema. "Njo mbwa tu hiyo!"

Watu walicheka, na mama mwenyewe akacheka huku anajifuta. Tangu siku hiyo ikawa utani wa mtaa. Mtu akijikata kidole, akiunguza mboga, wanamwambia amwite mama wa pale kwetu aje amlilie. Hakukasirika. Sasa naelewa alivyofurahi. Alikuwa amepata kibali.

Kisha tukafika kwenye kaburi. Msichana anavunja kufuli, anakuta koti la baba yake na viatu vyake, anambana shangazi kwa maswali, na shangazi anampeleka nyuma ya nyumba mahali pasipo na msalaba wala jiwe. Baba hayuko safarini. Amelala pale tangu zamani. Msichana analala juu ya majani na kuongea naye.

Nilijua Kifaransa, lakini Kifaransa cha kile kitabu kilikuwa kikavu mahali pale. Msichana anasema maneno machache tu, ya adabu. Mimi nikamwongezea. Nikampa maneno niliyosikia kwenye matanga yetu: baba, umeniachia nani, baba, ungengoja nikuone, mlango wako nitaufunga na mkono gani. Mama alifunika uso kwa kitenge chake, na mabega yake yalitikisika muda mrefu. Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani ni kazi ya ulimi wangu.

Kesho yake wanawake walitaka kuendelea. Mama akasema, "Soma tena pale."

"Pale wapi?"

"Pa kaburi. Soma pole-pole. Usiruke."

Nikasoma. Akalia. Kesho kutwa yake akaomba tena. Wenzake wakaanza kunung'unika. Wao walitaka kujua kwa nini shangazi alificha.

"Muchawi huyo," jirani akasema. "Muntu gani anaficha kifo?"

"Pengine alikuwa na sababu," mama akajibu.

"Sababu gani?"

"Miye sijui. Kitabu kitasema." Kisha akanigeukia. "Na wewe? Ungemusamehe?"

"Hapana," nilisema bila kuinua macho kutoka kwenye kurasa. Nilikuwa na njaa na nilitaka tumalize sura. Mama akainuka kwenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Baba mukubwa alifika katika majuma hayohayo. Alikuwa amepita msituni kwa miguu, amekonda, miguu imejaa vidonda. Akaketi kwenye kiti cha baba na kuuliza, "Habari ya ndugu yangu?"

"Bado," mama akajibu. "Tunangojea treni."

Alimtazama vizuri. Mama hakupepesa macho. Alasiri wanawake wakaja kama kawaida, nami nilidhani mama atasema leo hapana, kuna mgeni. Hakusema. Sijui alipata wapi ujasiri huo, au kama ulikuwa ujasiri. Labda hakuweza kukosa siku hata moja, kama vile mtu wa tumbaku. Akaniambia nisome pale pale, nikasoma, na mbele ya kaka wa mume wake, akamlilia mume wake kwa sauti.

Baba mukubwa alikunja uso. "Huyu analia nini?"

Mdogo wangu alikuwa ameketi miguuni pake. Mimi niliacha kusoma, nikashika mstari kwa kidole. Jirani yetu akapiga makofi kwa kicheko.

"Usimushangae, mukubwa! Huyu analilia kitabu. Alilia hata mbwa!"

Wanawake wakacheka, na baba mukubwa naye, baada ya kusita kidogo, akacheka. Alikaa mpaka vidonda vikapona, akarudi Tunda na habari kwamba ndugu yake anangojewa na mkewe ni mtu wa machozi ya bure. Kicheko cha jirani kilitununulia nyumba kwa muda wote uliobaki wa vita. Hakujua amefanya nini, maskini.

Amani ilipokuja ilikuja kwa reli. Siku ilipotangazwa kwamba treni ya kwanza inaingia Kindu, watu wa reli walikwenda stesheni na watoto wao kama siku ya sikukuu. Mama alitusuka nywele. Alivaa kitenge alichonunuliwa na baba. Alikaanga ndizi, akazifunga kwenye jani, kwa sababu baba alipenda kula mara tu anaposhuka. Nimeifikiria asubuhi hiyo maisha yangu yote. Hakimu hakuwepo bado, hakuna ofisi iliyokuwa imefunguliwa, na yeye alikuwa anajua ni habari gani inayokuja ndani ya lile behewa. Angefanya nini? Mke wa fundi asipokwenda stesheni siku ile, mtaa wote ungeuliza. Akaenda, na ndizi za mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilipanda juu ya mataruma ya reli yaliyorundikwa ili nione mbali. Wanaume walishuka wakapokelewa kwa vigelegele. Mume wa jirani yetu alishuka, na jirani akamrukia shingoni mpaka wakaanguka wote wawili. Mimi nilikuwa natafuta mwendo wa baba katikati ya watu, maana uso nilianza kuusahau. Watu wakapungua. Mtu wa mwisho alikuwa fundi mzee aliyeshika kofia ya baba. Hakuja kwetu. Kwa desturi alimtafuta kwanza mkubwa wa ukoo, na baba mukubwa alikuwa pale, amekuja kutoka Tunda aliposikia habari za treni. Niliona anaweka mikono kichwani. Kisha stesheni nzima ikageuka kumtazama mama.

Mama alikuwa ameshika lile jani la ndizi, macho makavu kabisa.

Matanga yaliwekwa uani kwetu, chini ya matawi ya michikichi. Mama aliketishwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kichwa wazi. Shangazi zangu walikuja na kulia kama inavyotakiwa, na kati ya yowe na yowe walimchungulia. Alijaribu. Niliona anakaza uso, anafungua kinywa, anatoa sauti, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayekohoa. Hakuna aliyedanganyika. Ndipo akanivuta kichwa, kama mama anayemkumbatia mwanawe, na kuninong'oneza sikioni:

"Unisemee ile sura ya kaburi. Pole-pole."

Sikumwelewa.

"Baba yako nilishamulilia yote mu kile kitabu," akasema. "Tangu zamani. Sasa hakuna kitu. Nisaidie, mama."

Kila kitu kiliniingia kwa mara moja: moto wa jikoni, kipande cha samaki kando, paa, mbwa, "ungemusamehe?" Nilielewa alichoniomba na kwa nini, na nilikuwa naijua ile sura kwa moyo, neno kwa neno, pamoja na maneno yangu niliyoyaongeza. Nilikuwa mtu pekee duniani mwenye uwezo wa kumsaidia. Nikafungua kinywa. Nikasema, "Msichana akalala juu ya majani." Neno lililofuata lilikuwa "baba". Sikuweza kulisema. Nikalia mimi, yowe la kupasua kifua, nikajitupa chini, na wanawake wakanibeba kunipeleka ndani na kunimwagia maji. Nilimsikia shangazi mmoja akisema, "Angalau mutoto analia." Mama alibaki peke yake kwenye mkeka.

Siku ukoo ulipoketi kuzungumza, baba mukubwa hakupandisha sauti. Jirani yetu aliomba ruhusa akasimama kumtetea mama. Alikuwa na nia njema kabisa.

"Huyu si muntu wa moyo mukavu! Huyu anajua kulia! Kila siku alikuwa analia, wamama wote hapa ni mashahidi. Alilia kitabu, alilia hata mbwa!"

"Njo hivyo," baba mukubwa akasema. "Hata mimi nilimuona na macho yangu. Alilia muzungu wa karatasi. Ndugu yangu njo anakosa hata chozi moya?"

Jirani akaketi taratibu. Hakuna aliyetamka uchawi. Walisema tu kwamba mwanamke huyu anajua kitu. Na ni kweli alijua, hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Angesema nini? Kwamba alikwisha kumlilia? Basi alijua amekufa na akawaficha ndugu zake, na hilo ni baya zaidi. Nami nilisimama mlangoni nikiwa na ukweli wote kinywani, na kila namna nilivyougeuza ulikuwa unammaliza yeye. Nyumba ikaenda, hata matanga hayajaisha. Mimi na mdogo wangu, baba mukubwa alisema atatufuata baadaye, lakini hakutufuata, maana watoto wa kike wanakula na kipato kilikuwa kidogo. Kwa hilo nilimshukuru Mungu. Tulivuka mto kwa mtumbwi na vyungu vyetu, tukaja Alunguli kuanza upya kwenye chumba cha kupanga.

Shule ilipofunguliwa nilikirudisha kitabu. Aliyekipokea hakuuliza hata kwa nini kimechelewa. Nilikuwa nimekimaliza peke yangu. Yule msichana hakumsamehe shangazi yake. Alibeba sanduku akaondoka bila kuaga. Mama hajawahi kuniuliza kiliishaje, nami sijamwambia. Kuna miaka nilimkasirikia, sitaficha. Na mimi nilikuwa nikimngojea yule mtu. Na mimi nilifumba macho jua likizama nikisikiliza kama kuna honi ya treni. Alinilisha tumaini wakati yeye ameshalizika. Hasira hiyo imeniisha yenyewe, sijui lini. Kilichobaki ni kile kipande cha sentensi ambacho sikukimalizia sikioni mwake, na hakuna siku tuliyokizungumza.

Jana alasiri mama alikuwa uani anatwanga sombe, nami nilikuwa naanua nguo. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi kibarazani na kile kitabu chake.

"Koko!" akaita ghafla. "Nimefika!"

Mama akaweka mchi chini. Akanawa mikono, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Kisha akafungua kitambaa kichwani, akakiweka mapajani. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Binti yangu hajui mwanamke anafungua kitambaa hivyo wapi na wakati gani, alidhani ni joto.

Akaanza. Anasoma Kifaransa, anasema kwa Kiswahili, kama nilivyokuwa nikifanya, na sijamfundisha. Kumbe mama wa yule msichana alikuwa amemzika mtu na kukaa kimya. Na binti yangu, naye, akifika mahali pakavu anaongeza maneno yake.

Machozi ya mama yangu yalikuja bila sauti kwanza, halafu na sauti. Binti yangu akaniinulia uso uliojaa hofu na fahari pamoja.

"Mama, niruke hapa?"

"Usiruke," nikamwambia. "Soma pole-pole."

Nikaenda kumalizia ile sombe. Nilishika mchi, nikasimama nao hivyo hivyo juu ya kinu, maana ningetwanga wasingesikilizana.